Sahani ya Makande ya Elisaria

Ndugu zangu, tuanze na yale ambayo mashahidi wote walikubaliana. Katika nyumba moja ya Upare, kila Jumapili baada ya ibada, mama alipakua sahani ya ziada ya makande, akaifunika kwa kawa, akaiweka baraza ya nyuma na kufunga mlango. Ilikuwa desturi ya kwao: mtoto aliyeondoka bila kuaga hanyimwi fungu lake. Mtoto huyo aliitwa Elisaria. Aligombana na baba yake ujanani, akafukuzwa, akaondoka bila kuaga, na baba akapiga marufuku jina lake lisitajwe tena nyumbani. Na wote walikubaliana hivi: jioni sahani ilikutwa tupu, kwa miongo mitatu.

Zaidi ya hapo, hawakukubaliana. Binti mkubwa alisema ni mbwa. Lakini nawauliza, ni mbwa gani akishiba hurudishia kawa? Jirani alisema ni mzimu. Sijapata kusikia mzimu unaobakiza mahindi magumu pembeni kama mtu mwenye meno mabovu. Mama peke yake alisema, "Mwanangu anakuja. Ana haya tu." Wakamwacha, maana waliona tumaini hilo ndilo linalomweka hai.

Siku moja Elisaria akarudi kweli, na mvi zake. Katikati ya vigelegele, dada yake akamvuta kando. "Kaka, mama akikuuliza, sema ulikuwa unakuja kula. Ukikana, utamuua."

Mezani mama akauliza, "Eti mwanangu, makande yangu ya Jumapili ulikuwa unayaonaje?"

Elisaria alijaribu kudanganya, akashindwa. "Nisamehe, mama. Tangu niondoke sijakanyaga hapa."

Baba akapaliwa na chai. Mama akacheka mpaka kitenge kikamdondoka.

"Najua! Wewe pilipili hujaiweza tangu utotoni, na sahani ile niliijaza pilipili tangu Jumapili ya pili. Mlaji ni huyu hapa, anayeaga kila wiki eti anakwenda kuangalia ng'ombe."

"Mama Elisaria!" baba akalalamika, naye hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya ugomvi. "Nilikula ili usikate tamaa. Kumbe ulijua, ukaninyamazia?"

"Ningesema, ungeacha kwenda. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango, mzee wangu. Nani alikuwa akilitaja jina la mwanangu kule barazani, akimwombea huku anatafuna?"

Elisaria akaweka kijiko chini. "Baba, ningelijua hilo, ningerudi zamani."

Ndugu zangu, nimeipima habari hii pande zote, na suala la nani alikula halinisumbui tena. Linalonisumbua ni hili: amri ya hasira ilitolewa mbele ya watoto wote, lakini sala ya upendo ilisemwa mlango ukiwa umefungwa. Sisi je? Ni wangapi kati yetu tuliogomba hadharani, tukasamehe mioyoni, na tuliyemsamehe hajaambiwa mpaka leo?

Kwa hiyo nawauliza: baba yule, kwa miaka yote ile, alikuwa amemsamehe mwanawe, au alikuwa bado? Ushahidi mmeusikia wote. Hukumu ni yenu, nami naomba muitoe kabla hamjaketi kula mchana huu.