Koti la Tobia

Mtu mmoja alikuwa na miguu mizima, na kwa miguu hiyo alijipatia riziki. Aliitwa Anselmi, wa nchi ya baridi ambako ziwa huganda hadi watu wanacheza juu yake. Huvaa viatu vyenye vyuma chini, saba kwa saba, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa fimbo zilizopinda. Wengi walicheza kwa kupenda tu. Anselmi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipwa, na asubuhi ya mchezo mmoja tajiri wake alimwonya: mkishindwa leo, rudi kwenu ukalime.

Siku zile hapakuwa na wachezaji wa akiba. Mtu akiumia akatoka, upande wa pili nao ulimtoa mmoja, ili asiwepo anayefaidi jeraha la mwenzake. Mwamuzi hakulazimisha, ilikuwa heshima tu. Nahodha wa wapinzani wa siku hiyo, seremala aitwaye Tobia, alikuwa hodari kuliko wote, lakini hakuwahi kumtoa mnyonge wake. Alijitoa mwenyewe. Anselmi alilijua hilo.

Basi walipokuwa nyuma kwa bao moja, Anselmi alianguka, akashika goti, akalia. Hakuwa ameguswa na mtu. Tobia alitoka mchezoni, akamfunika kwa koti lake, akaketi kando yake huku timu yake ikifungwa mabao mawili. Koti lilikuwa na joto. Anselmi aliona aibu hata akatamani barafu ipasuke immeze, lakini hakuinuka.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu, tena ilimbidi aitembee akichechemea, maana watu walikuwa wakimtazama. Alicheza miaka kumi na miwili zaidi, akashangiliwa, akavikwa nishani. Koti hakulirudisha, angelirudisha kwa maneno gani? Na kila majira ya baridi walipokutana, Tobia hakuuliza habari za koti. Aliuliza neno lile lile:

"Ndugu yangu, goti limepona?"

Anselmi aliinamisha uso, akajibu kwamba bado. Na hilo, jamani, ndilo neno pekee la kweli alilowahi kumwambia.

Nasi tulioingia humu leo kusikiliza hadithi hii, kwa miguu yetu mizima, tumejifunika koti la nani?