Gitaa la Hizza na Masikio Mawili

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme bali zamani ya juzi juzi, siku ile walikuwapo Bi Mwanjaa msuka mikeka, mwenye nyumba; Siwema, jirani yake; Mhina, mpiga gitaa wa kwaya; Fundi Mbaruku wa redio; na Zahabu, binti wa Siwema, mwenye miezi minane na meno mawili. Kuku naye alikuwapo, ila alifukuzwa mapema. Hao ndio walioona. Sikilizeni walichokiona, kisha muamue nyinyi, maana wao wenyewe walishindwa.

Bi Mwanjaa ana mwana mmoja, Hizza. Hizza alikwenda kusoma nchi ya mbali yenye baridi, akaacha gitaa lake jekundu la umeme limetundikwa ukutani sebuleni. Huko akaunda bendi na wenzake. Bendi yenyewe haina mwimbaji. Muziki wao hauhesabu nne kama muziki wa watu wengine. Unahesabu saba, unahesabu tano, unarudi saba. Wenyewe wanauita roki ya hesabu. Mwaka wa tatu Hizza akamtumia mama yake wimbo mmoja kwenye simu, pamoja na maneno haya:

"Mama, gitaa linaoza ukutani. Mpe mtu atakayekupigia wimbo huu mzima, kwa kuusikiliza tu, humo humo sebuleni. Nataka nyumba yetu iusikie."

Bi Mwanjaa akawa anausikiliza kila asubuhi huku anasuka ukili wa mikeka yake, mpaka akaujua kama anavyoujua mlango wake. Lakini alisema simu si mtu. Alitaka kuusikia unatoka kwenye vidole.

Siwema alipopata habari alilitaka lile gitaa mpaka akaona haya. Tangu amalize darasa la saba hakuwahi kumiliki kitu ambacho si cha jikoni wala si cha mtoto. Hata kanga zake zilikwisha kuwa za kumbebea Zahabu. Akasema moyoni, hili litakuwa langu. Kisha akajicheka, kwa sababu hakujua gitaa linashikwa upande gani, na hesabu za darasa la saba alipata alama ambazo mama yake alizikunja na karatasi yake akaziweka chini ya godoro.

Mhina naye akasikia. Mhina amepiga gitaa miaka kumi na mmoja, lakini gitaa ni la kwaya, shingo imepasuka, na mwenyekiti alikwisha kumwambia kwamba mwisho wa mwezi linakwenda kwa mtu mwingine. Bila lile jekundu, Mhina angebaki na vidole vitupu.

"Mama Zahabu," akasema walipokutana kwa Bi Mwanjaa, "huu ni muziki wa hesabu. Wewe hesabu ulipata ngapi?"

"Za kunitosha kununua chumvi, kaka Mhina."

"Basi kanunue chumvi."

Wakanakili wimbo kila mtu kwenye simu yake. Lakini kwenye spika za simu zile ndogo ulisikika kama kuku wawili ndani ya debe moja. Wakaenda kwa Fundi Mbaruku kuomba spika za masikioni. Fundi alikuwa na jozi moja tu nzima.

"Niachie mimi, nina mtoto, sina muda," akasema Siwema.

"Kwa kuwa una mtoto ndiyo maana utazifua pamoja na nepi," akasema Mhina.

Fundi Mbaruku ni mtu wa huruma, hapendi kuona mtu anangoja. Akachukua mkasi, akazikata katikati, krap! Akachomelea pini ya pili. "Siwema, shika hili la kushoto. Mhina, shika hili la kulia. Nendeni salama." Hakutaka hata shilingi. Wakamshukuru, kila mmoja akaondoka na sikio lake. Na wema ule ndio uliozaa balaa, ingawa siku hiyo hakuna aliyejua.

Siwema akaanza. Kila alasiri alikwenda kwa Bi Mwanjaa, akampa Zahabu, akalishusha gitaa. Bi Mwanjaa aliacha ukili wake ili mapaja yapate nafasi ya mtoto, wala hakuwahi kusema kwamba mkeka wa watu unachelewa. Siwema akasikiliza, akakosea, akarudia. Akasikiliza, akakosea, akarudia. Hakujua kukaza nyuzi, kwa hiyo aliziacha vilevile Hizza alivyoziacha, na Mhina alipojaribu kuzirekebisha Bi Mwanjaa alimpiga kofi la mkononi. "Hapo ndipo mwanangu alipozifikisha. Usizisogeze."

Saba ndiyo iliyomtesa Siwema. Akihesabu kwa mdomo anapata sita. Akihesabu kwa mguu anapata nane. Mwisho akahesabu kwa kumpigapiga Zahabu mgongoni wakati wa kumlaza: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, pumzi. Wiki moja ikapita. Siwema hakuijua saba, lakini Zahabu aliijua. Ukimpiga nne analia. Mtoto wa miezi minane akawa mwalimu wa mama yake. Mume wa Siwema, anayefanya kazi shamba la mkonge, akarudi Jumamosi akamkuta mkewe ameushika mwiko kama gitaa, macho kayafumba.

"Mke wangu," akasema, "ugali unaungua." Kisha akauchukua mwiko, akausonga ugali mwenyewe.

Mhina naye huko kwake akasikiliza, akakosea, akarudia. Yeye aliijua saba tangu siku ya kwanza, lakini vidole havikufika. Gitaa la kwaya lilikazwa kwa namna nyingine. Ilimbidi alegeze uzi huu, akaze ule, wiki nzima, nyuzi mbili zikakatika, mpaka akapata mahali Hizza alipozikaza. Siwema alipewa njia iliyokwisha fyekwa. Mhina alifyeka mwenyewe.

Ikabaki sauti. Siwema alimwambia Fundi Mbaruku, "Vidole vyangu vinapita palepale, lakini haisikiki vile. Ya Hizza inalia kama kijiko kwenye glasi, halafu ukiipiga kwa nguvu inakwaruza kidogo, kama sufuria ikikwanguliwa ukoko."

Mtu mwingine angecheka. Fundi aliandika kwenye kiganja: kijiko, glasi, ukoko. Akajaribu spika ya kwanza. Ikalia kama nyuki ndani ya kopo. Akajaribu ya pili. Ikalia kama gari la matangazo ya msiba. Mwisho akaenda nyumbani akaishusha redio ya mbao ya marehemu baba yake, ambayo hakuwahi kuigusa kwa bisibisi. Akaifungua. Karatasi ya spika ilikuwa imechanika, akaishona kwa sindano na uzi wa nguo, kwa mkono, mshono kwa mshono. Akatoboa matundu mawili ya pini. Siwema akachomeka gitaa, akapiga. Kijiko. Akapiga kwa nguvu. Ukoko! Fundi akageukia ukutani akajifanya anatafuta nyundo.

Siku ikafika, Fundi akaileta ile redio sebuleni kwa Bi Mwanjaa. Bi Mwanjaa akaketi, akaushika ukili.

Siwema akapiga kwanza. Alipiga mpaka mwisho, akaweka mikono magotini kama mwanafunzi anayengoja cheti.

"Mzuri, mwanangu," akasema Bi Mwanjaa. "Lakini nusu haipo."

Mhina akacheka. Akalichomeka gitaa la kwaya kwenye tundu la pili, akapiga yeye, mpaka mwisho.

"Mzuri, baba. Lakini nusu haipo."

Siwema akacheka, tena akacheka zaidi ya ilivyohitajika.

"Umeruka, kaka Mhina! Pale pote umekaa kimya!"

"Wewe ndiye umekaa kimya! Pale penye utamu wote!"

"Utamu gani? Pale hakuna kitu!"

"Una masikio kweli, mama Zahabu?"

"Ninalo moja, umesahau?"

Siwema, ili kumwonyesha, akaanza upya. Mhina, ili kumzima, akaanza upya juu yake. Na hapo ndipo ilipotokea. Pale Siwema aliponyamaza, Mhina akaingia. Pale Mhina aliponyamaza, Siwema akaingia. Sauti ya huyu ikatia mguu kwenye nafasi ya yule, saba, tano, saba, kama njia za ukili zinavyopitana, juu, chini, juu. Na yote ikatoka kwenye redio moja ya mbao. Kwenye simu ya Bi Mwanjaa, Siwema alikuwa akivisikia vile vipande vingine, wiki tatu nzima, akadhani ni mwangwi wa simu mbovu. Alitamani kucheka na kujizaba kofi, lakini mikono yote ilikuwa kazini.

Zahabu akalia. Siwema akageuka, na hesabu ikamponyoka. Alingoja wimbo umwangukie. Haukuanguka. Mhina, bila kumtazama, alikuwa akizungusha kipande kilekile, anakizungusha, anakizungusha, mpaka Siwema akashika tena saba yake na kuingia. Wakamaliza.

Ukili ulikuwa chini. Bi Mwanjaa alikuwa anautazama mlango uliokuwa wazi, usio na mtu.

"Hizza," akasema, "karibu ndani."

Fundi Mbaruku akakishika kichwa. "Upande wa kushoto gitaa moja, upande wa kulia gitaa jingine. Nami nikakata katikati! Jamani, mimi ni fundi wa nini?"

Wakampigia Hizza wamuulize. Hizza akacheka mpaka akakohoa.

"Mzima? Hata mimi sijawahi kuupiga mzima! Mimi napiga upande wa kulia tu. Wa kushoto anapiga mwenzangu, kwa gitaa alilolikaza kama langu."

"Sasa gitaa nimpe nani?"

"Mpe anayestahili, mama. Naingia kazini." Akakata.

Mhina akasema, "Anayestahili ni mimi. Upande wa Hizza mwenyewe ndio niliojifunza mimi. Nyuzi nilizitafuta gizani, yeye alizikuta tayari. Na mwisho wa mwezi sina gitaa." Hayo ndiyo aliyosema. La kumngojea Siwema hakulitaja.

Siwema akasema, "Anayestahili ni mimi. Kaka Mhina alianza na miaka kumi na mmoja, mimi nilianza na mwiko. Nikianza mimi ndipo wimbo unaanza; upande wake peke yake ni mtu anayebisha hodi. Na sina kitu changu hata kimoja." Kisha, kwa kuwa ulimi wake haujawahi kumsaidia hata siku moja, akaongeza, "Ila nilipopotea alinisubiri. Bila hivyo tungeishia pale."

Mhina akatazama viatu vyake.

Fundi Mbaruku akasema, "Mimi sipigi. Lakini masikio niliwapa mimi, na sauti niliwapa mimi, na redio ya baba yangu haitarudi kuwa redio. Nisingekata ule waya, kila mmoja angesikia pande mbili, angezichanganya, angeacha. Kosa langu ndilo lililowafundisha. Nami ningependa kukumbukwa kwa kitu."

Bi Mwanjaa akamtazama mmoja mmoja. Akaliinua gitaa jekundu, akalirudisha msumarini. "Mimi najua kusuka ukili," akasema. "Hili nitawauliza watu."

Watu ndio nyinyi. Mmoja alianza bila kujua kitu, akapiga nusu. Mmoja alizitafuta nyuzi peke yake, akapiga nusu, akamngoja mwenzake. Mmoja hakupiga hata uzi, lakini alikata, akashona, na bila yeye pasingekuwa na nusu wala sauti. Na gitaa ni moja.

Je, nani alistahili?

Zahabu sasa ana miaka minne, na bado halali mpaka apigwepigwe mgongoni mara saba.