Karani Aliyebeba Sauti za Milimani

Mtu mmoja alikuwa na kaka aliyemlea. Baba yao alikufa wangali wadogo, na yule mkubwa, Kalebu Pruitt, aliacha shule akashika plau ili mdogo wake, Ezra, ajifunze kusoma na kuandika. Ezra hakuusahau wema huo. Alipokuwa mtu mzima alihamia milimani, akaoa, akalima mahindi, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, watu wa wilaya ile wakamfanya karani wao.

Mambo haya yalitokea Marekani, nchi ile ilipokuwa bado changa, haijatimiza miaka ishirini tangu imkatae mfalme. Kila baada ya miaka miwili watu walimchagua mmoja wao akawasemee katika Bunge kuu, waliloliita Kongresi. Si wote waliochagua. Mwanamke hakuulizwa, mtumwa hakuulizwa, wala mwanamume asiye na ardhi. Doa hilo lilikuwa kubwa, nami silifichi. Lakini mkulima mwenye ekari zake chache na koti lenye viraka alisimama mbele ya meza, akataja kwa sauti jina la mtu anayemtaka, na hakuna mfalme wala jemadari aliyeweza kulifuta jina lile. Katika dunia ya wakati ule, jambo hilo lilikuwa la kustaajabisha.

Mwaka mmoja Kalebu aligombea. Mpinzani wake alikuwa mwanasheria aitwaye Harlan. Jimbo lao lilikuwa na wilaya nne: tatu za bondeni, alikokaa Kalebu, na moja ya milimani, alikokaa Ezra. Ugomvi ulikuwa juu ya barabara. Kalebu alitaka ipite bondeni. Harlan aliahidi kuipandisha milimani, ambako mahindi yalikuwa yakioza ghalani kwa kukosa njia ya kuyafikisha sokoni.

Siku ya kura Ezra alikaa mezani na kalamu yake. Majirani wakaja mmoja mmoja, wakamtazama usoni, wakasema, "Harlan." Mzee Stroud, aliyekuwa na mguu mbovu, alitembea siku mbili akiegemea fimbo ili aje kulisema neno hilo moja. Alipolisema aliongeza kwa upole, "Usinichukie, Ezra." Ezra akaandika. Mwisho wa siku Harlan alikuwa na kura mia mbili na kumi na moja, Kalebu kumi na tisa. Orodha ikakunjwa, ikapigwa muhuri wa lakiri, ikatiwa katika mfuko wa ngozi, naye Ezra akakabidhiwa aufikishe mjini, huko bondeni, kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi. Mfuko ukichelewa, kura zilizomo hazitahesabiwa. Hawakumwapisha. Hawakumpa mlinzi. Walimpa mfuko, wakarudi mashambani kwao.

Siku ya Alhamisi alifika mtoni akakuta mto umefurika. Theluji ya milimani ilikuwa imeyeyuka kwa mkupuo mmoja, kamba ya pantoni imekatika, na mvushaji, bwana mmoja mnene aitwaye Dunkan, ameketi mlangoni pake akivuta kiko.

"Nina habari njema, Bwana Ezra," Dunkan akamwambia. "Msafiri wa mwisho niliyemvusha alitoka mjini. Wilaya zote tatu za bondeni zimeshapeleka kura zao, na kaka yako yuko mbele kwa mia na hamsini. Wewe rudi nyumbani. Mto huu hakuufurisha mwanadamu, nani atakulaumu? Au kaa hapa nami tutazame maji. Keshokutwa kaka yako ni mbunge."

Ezra akaketi juu ya jiwe. Niseme kweli: alifurahi. Alimshukuru Mungu kwa yale mafuriko. Hakuhitaji kusema uongo, wala kuvunja lakiri, wala kupoteza karatasi hata moja. Alitakiwa kukaa tu. Akamkumbuka Kalebu akiwa kijana wa miaka kumi na minne, ameinamia plau katika baridi, viganja vimepasuka. Ni nani mwingine duniani aliyemtendea hivyo?

Kisha akaanza kuiwaza safari ya kurudi. Angepita mbele ya nyumba ya mzee Stroud. Mzee angetoka na fimbo yake amwulize kama amefikisha. Yeye angejibu kwamba mto ulifurika. Na mzee angemwamini. Hapo ndipo moyo ulipomchoma, kwamba angeaminiwa.

Akainuka. Akampanda farasi wake, naye hakuwa na mwingine, akaufuata mto kwenda juu mpaka mahali maji yalipotanuka na kugawanyika kati ya miamba. Asubuhi ya Ijumaa aliufunga mfuko kichwani kwa mshipi, akaingia. Katikati ya mto farasi aliteleza. Ezra aliushika mwamba, farasi hakuwa na cha kushika. Alimsikia akilia mara mbili, kisha akasikia maji tu. Akatambaa kutoka mwamba hadi mwamba, akatokea ng'ambo akitetemeka, viatu vimechukuliwa na maji. Siku ile na asubuhi iliyofuata alitembea peku.

Kalebu alikuwa amesimama kwenye ngazi za mahakama pamoja na rafiki zake, na pipa la pombe lilikuwa limeshatobolewa. Alipomwona mdogo wake akija na matope hadi kiunoni, miguu inavuja damu, alimkimbilia akamkumbatia.

"Nilidhani mto umekuchukua," akasema, na machozi yalikuwa yakimtoka.

Ezra hakuweza kumtazama. Alijitoa mikononi mwake taratibu, akaingia ndani, akauweka mfuko mezani. Kengele ya saa sita ililia wakati msimamizi akiivunja lakiri.

Harlan alishinda kwa kura arobaini na mbili.

Watu walipokwisha kutoka, Kalebu alimkaribia. "Ulijua kilichomo?"

"Nilijua, kaka."

Kalebu akavaa kofia yake, akaenda zake.

Mwaka na nusu ukapita bila Kalebu kumsemesha mdogo wake. Ezra alilima kwa ng'ombe wa kuazima. Aliandika barua, hazikujibiwa. Binti yake alipobatizwa, baba yake mkubwa hakuja. Na wale watu wa milimani, ambao sauti zao alizivusha, hawakujua alichokipitia. Walimpa pole ya farasi, basi. Waliona kura zimefika kama inavyopasa kura kufika, na mke wa Ezra peke yake ndiye aliyemsikia mumewe akimtaja kaka yake usingizini.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, Kalebu aligombea tena, na Harlan akasimama kukitetea kiti chake. Wajumbe wa wilaya zote nne walikutana mjini kupanga taratibu, Ezra naye akaitwa, akaketi nyuma karibu na mlango. Mfuasi mmoja wa Kalebu akasimama akasema kwamba karani wa milimani abadilishwe, awekwe mtu mwingine, mtu anayejua wakati wa kuwahi na wakati wa kuchelewa. Baadhi yao wakacheka. Ezra akatazama sakafu. Alikuwa tayari kuiacha kazi ile, maana ilikwisha kumgharimu ya kutosha.

Ndipo Kalebu aliposimama. Alivua kofia yake, akangoja kicheko kiishe.

"Mfuko mpeni mdogo wangu," akasema. "Nikishinda, nataka niwe nimeshinda kweli."

Hakuna aliyempinga.

Mwaka ule Kalebu alishindwa tena, kwa kura kumi na moja. Alivuka chumba akampa Harlan mkono, akamtakia heri mbele ya watu wote. Kisha akamtafuta Ezra katika msongamano mpaka akampata, akamshika bega.

"Twende nyumbani," akamwambia. "Shemeji yako amepika."

Ndugu zangu, mwizi tunamjua, na mlango tunamfungia. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumnyang'anya mwenzake haki yake kwa kukaa tu kitako, huku ana sababu nzuri mkononi?