Tairi Nane za Bosi Kilango

Bosi Kilango, tajiri mwenye mkono wa birika, alileta pikapu zake mbili za aina moja kwa Zafarani, fundi tairi wa Mombo. Tairi za pikapu anayoendesha mwenyewe zilikuwa mpya, zilitaka balansi tu ili zisitetemeshe gari. Za ile inayobeba vibarua mlimani zilikuwa kipara kitupu.

"Hizi zichonge mistari kwa kisu cha moto," aliamuru. "Uzipake na rangi, zionekane mpya."

"Bosi, hazitashika barabara. Utaua watu."

"Kibanda hiki umepanga kwangu. Chonga au hama!"

"Basi nitazichonga hata wewe usizitambue."

"Ndivyo ninavyotaka!"

Jioni alikuta pikapu zote mbili zinang'aa tairi. Alizunguka ya kwanza, akazunguka ya pili, akachuchumaa.

"Za kuchonga ziko wapi?"

"Zimechanganyika, bosi. Labda mbili ziko kwako, labda tatu. We endesha tu, kwenye kona za mlimani utazijua."

Jasho lilimtoka Kilango. Alinunua nane mpya hapo hapo, akaondoka akitukana.

Zafarani aliziinamia zile nane zilizovuliwa, akachomoa zile nne zisizochongwa bila kubahatisha, akazifunga kwenye gari lake.