Bi Kindi Alivyotafsiri Filamu ya Wizi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na skrini!
— Tuione!
— Mtaionaje, na mtu kaweka kichwa mbele? Tulieni basi, msikie.

Hapo zamani, si za kale sana, Bwana Kiboko alikuwa na kibanda umiza, cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio, kando ya mto. Filamu zake zote zilikuwa za wizi. Nyani aliingia majumba ya sinema mjini, akazirekodi kwa simu aliyoibana kwapani, akamletea. Kununua filamu? Kiboko hakununua hata bisi; alikula za wateja.

Jirani yake alikuwa Bi Kindi, mwenye tundu lake juu ya mkuyu, na wanawe humo. Yeye alitazama filamu mtandaoni kwa njia ya halali, kila mwezi analipia, picha inang'aa, sauti safi. Lakini angesikia nini, na kibanda kile chini yake? Ngurumo, makelele, kho! kho! Mtu akikohoa ndani ya filamu, watazamaji wanamwambia pole. Jamani, Bi Kindi alichoka! Alichoka mpaka akachoka kuchoka.

Asubuhi moja Kiboko akaja, puu, puu, puu, akausukuma mkuyu kwa bega. Majani yakapukutika.

"Bi Kindi, kesho naung'oa huu. Nataka mabenchi."

"Hee, Mzee Kiboko! Na wanangu?"

"Wana mikia. Waruke."

Bi Kindi akasonya, lakini kimoyomoyo, maana mwenye bega lile hasonywi waziwazi.

Alasiri ile Kasuku, aliyekuwa akizitafsiri filamu pale kibandani, sauti ikamkauka. Filamu ya kigeni bila mtafsiri, nani atakaa? Watazamaji wakaanza kupiga miluzi. Kiboko akahaha.

"Nitatafsiri mimi," akasema Bi Kindi. "Bure."

Neno bure! Masikio ya Kiboko yakasimama. Hakuuliza la pili.

Bi Kindi akashika maiki, akatazama skrini. Loo! Giza kama ndani ya chungu. Hajui yupi mwanamume, upi mlango. Kichwa cha mtu kikapita, kingine kikapita, mfuko wa karanga kwacha-kwacha. Hasira zikampanda. Yaani ni kwa ajili ya takataka hii wanawe wavunjiwe nyumba? Kisha akatabasamu. Kama yeye haoni, nani anaona?

"Huyu ni mjane," akatafsiri. "Ana mti wake, ana wanawe."

Kichwa kikapita.

"Huyu ni tajiri, tumbo hilo! Anataka kuung'oa mti wa mjane."

"Lione kwanza!" wakapiga kelele watazamaji.

Karanga, kwacha-kwacha.

"Mjane analia, wanangu watalala wapi? Tajiri anacheka, kho! kho! kho!"

"Shetani huyo!" akanguruma Kiboko mwenyewe, machozi yakimlengalenga.

"Sasa wako mbele ya hakimu. Hakimu anauliza, tajiri huyu tumfanyeje? Mzee Kiboko, wewe mwenye kibanda, unasemaje?"

Kiboko akasimama, benchi likavunjika kraa! "Asiuguse mti ule! Milele! Akiugusa, asioge tena mtoni na wenzake!"

Pap! Skrini ikazima. Simu ya Nyani iliishiwa chaji mle mle sinema, kabla filamu haijafika mwisho. Ndipo Mama Kanga, aliyekaa benchi la mbele, akageuza shingo.

"Mzee, si wewe uliyekuwa ukiusukuma mkuyu wa Bi Kindi asubuhi?"

Wote wakageuka. Wote, hata Kasuku asiye na sauti.

Kiboko afanyeje? Hukumu imeshatoka, tena kwa mdomo mkubwa namna ile, atasema hakuisema?

"Mkuyu sitaugusa," akanung'unika. "Lakini filamu imeishaje?"

"Mwisho wake uko kwangu, Mzee. Karibu."

Kiboko akaenda, akaegemea mti. Bi Kindi akamtundikia skrini yake tawini, akaiwasha toka mwanzo. Picha ikang'aa, kila unywele unaonekana. Mpishi mmoja na binti mmoja wanagombania sufuria. Wanapatana. Wanaoana. Basi, imekwisha.

Kiboko akakodoa macho.

"Na mti uko wapi?"

"Mti gani, Mzee?"

"Mti wa mjane!"

"Aa, ule? Si huo ulioegemea."

Kiboko akainua bega, mkuyu ukatetemeka. Kisha akakumbuka mto, na maji yake, na wenzake. Akalishusha taratibu.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, na mwisho wake mmeupata. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, nitaimeza peke yangu. Na funzo lake mlishike vizuri: kuiba filamu ni vibaya, vibaya sana. Kwa hiyo kabla hujaiba, hakikisha mtafsiri wako hana mti.