Sikio la Boti ya Wagonjwa

Hapo zamani, si zamani za fisi kwenda posa, zamani za juzi tu, mimi nikiwa tayari na kitambi, palikuwa na boti ya faiba iliyovusha wagonjwa ziwani. Nahodha wake ni Bi Nyabweke. Njia yake ilijaa miamba iliyojificha majini. Msiniulize najuaje, nimezunguka maziwa matatu, miamba yake yote nimeigonga.

Basi akapata kipima kina: kioo cha kutazama, na kidude cha waya kinachosikiliza chini. Wakakiita sikio. Liwekwe wapi?

Fundi Majura akasema, "Tutoboe sakafu, liguse maji."

Fundi Bwire akasema, "Tuligundishe ndani, lisikilize kupitia sakafu, kama jirani mbea ukutani."

Nahodha akasema, "Boti yangu haitobolewi! Na gundi ikikauka vibaya, nimekwisha. Lifungwe nje, nyuma, kwa skrubu."

Likafungwa nyuma.

Siku ya tatu mjamzito mmoja, Sabina, akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Wakapanda wote, na mafundi pia, boti ikakimbia. Mapovu ya injini yakaliziba sikio. Kioo kikawa kitupu.

"Punguza mwendo, Mama!" wakalia mafundi.

"Nipunguze, na huyu je?"

Bwire akainama nyuma, akafungua skrubu, akalitumbukiza sikio katika maji yaliyotuama ndani ya boti, akalikandamiza sakafuni. Kioo kikaamka: mita moja! Nyabweke akakata usukani. Mwamba ukapita ubavuni.

Mtoto akazaliwa salama hospitalini. Sabina akasema, "Achukue jina la aliyetuokoa. Ni nani?"

"Mimi," akasema Bwire. "Wazo langu, mikono yangu."

"Kioo hakikati kona, baba," akasema Nyabweke. "Usukani niliushika mimi. Na bila skrubu zangu ungelifungua nini?"

"Ungenisikia mapema, tusingefungua kitu!"

Majura akakohoa. "Dada Sabina, nisamehe. Nilianza kutoboa kwa siri, nikaingiwa na woga. Kitundu cha msumari. Maji yale yaliingilia hapo. Na sikio likikaa pakavu, ni kiziwi."

"Mshenzi! Ungetuzamisha!"

"Ningewazamisha, Mama. Lakini sikuwazamisha."

"Ziwa zima lilikuwa nje," Bwire akafoka. "Tungeteka!"

"Kwa kiganja, kaka? Ndoo mliiacha gatini."

Sabina akamtazama mtoto, akawatazama wao watatu. Nesi ameshika kalamu, foleni inamngoja. Haya, ninyi mnaocheka: aandike jina la nani?