Ufunguo wa Stoo ya Bi Mwanakombo

"Achari hii mmetengeneza wenyewe, au ni ya dukani?"

Bi Zamda aliuliza hivyo akiwa ameinamia sinia la pilau. Watu wazima kumi na mmoja waliacha kutafuna. Mmoja akakohoa, mwingine akaomba maji ilhali glasi yake imejaa. Bi Zamda alikuwa shangazi wa bwana harusi mtarajiwa. Alikuja na ujumbe wa posa kutoka Pangani hadi Tanga mjini, nyumbani kwa Bi Mwanakombo, kumposa mjukuu wake Salha. Alipoona kimya kimekuwa kirefu, alitabasamu, akakisogeza kibakuli cha achari pembeni kwa kidole kimoja. Kidole kimoja tu! Hilo ndilo lililouma.

Nakijwa, mkwe wa nyumba hiyo, alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawisha. Yeye ndiye aliyebandua lebo ya chupa ya achari ya dukani kwa maji moto asubuhi ile, kwa amri ya wifi yake Mishi, na gundi ilikuwa bado kwenye kucha zake.

Sikilizeni basi mwone ni aibu ya namna gani. Nyumba hiyo haikuwa na historia ya kununua kitu cha chupa. Ndimu zilitiwa chumvi palepale uani. Pilipili ilisagwa na kitunguu saumu ikafunikwa kwa mafuta. Bizari ilikaangwa, ikatwangwa, ikachekechwa mpaka majirani wakapiga chafya. Vyote vilikaa kwenye stoo moja yenye ufunguo mmoja, na ufunguo ulikaa kwenye pindo la kanga ya Bi Mwanakombo. Desturi yao ilikuwa fupi: mwenye achari ndiye mwenye ufunguo. Na mwenye ufunguo ndiye msemaji wa nyumba. Anaamua kipi kitengenezwe, nani apelekewe, nani asubiri.

Lakini miaka miwili mfululizo achari ya embe ilikuwa inaoza. Wiki ya tatu haijaisha, juu ya chupa ukungu, chini povu. Walilaumu maembe. Walilaumu jua. Walilaumu jicho la watu. Mwisho lawama ikamwendea mtu aliyekuja mwisho: Nakijwa, mke wa Athumani, kitindamimba wa Bi Mwanakombo. Kwa nini yeye? Kwa sababu mwaka ule wa kwanza wa kuoza ndio alioruhusiwa kwa mara ya kwanza kugusa maembe.

"Kuna mikono haipatani na achari," wifi yake alisema, akiangalia ukuta.

Wageni walipoondoka, Bi Mwanakombo alifungua stoo, akapapasa rafu kwa mkono maana macho yake yalikuwa yamefifia. Akafunga. "Harusi ni wiki sita zijazo," alisema. "Mkono utakaorudisha achari kwenye sinia siku hiyo ndio nitakaoupa ufunguo. Mimi nimechoka kulinda rafu tupu."

Katika nyumba hiyo walikuwamo wanawake watatu wa kuupokea, na kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Mishi, binti mkubwa wa Bi Mwanakombo na mama yake Salha. Kipawa chake kilikuwa ulimi. Mpe mchuzi aonje, atakuambia nazi ilikunwa leo au jana, na kama mkunaji alifika kwenye kifuu.

Wa pili ni Tunu, mdogo wake Salha, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu. Kipawa chake kilikuwa swali. Alipokuwa shule ya msingi, mwalimu wake alimpa kazi ya kufuta ubao kila kipindi, angalau ageuke upande wa pili watu wapumzike.

Wa tatu ni Nakijwa mwenyewe, mzaliwa wa Upare, milima ya Same. Kipawa chake kilikuwa kiganja. Alikuwa akiupitisha mkono juu ya jiko, anasema, "Mandazi yataungua nje na ndani yatabaki mabichi, ngojeni kidogo." Wakingoja, mandazi yanatoka mazuri. Wasipongoja, wanamkasirikia yeye. Miaka sita aliishi katika nyumba hiyo, na miaka sita hata chumvi ya kutia kwenye maharage aliiombea ufunguo.

Tunu ndiye aliyeanza. Alimkalisha bibi yake kwenye mkeka na kumwambia aeleze achari hatua kwa hatua, tena kila chombo aonyeshwe.

"Maembe mabichi ishirini, yakatwe na koko lake likiwa bado laini," alisema Bi Mwanakombo. "Chumvi kikombe kimoja. Manjano, kisha juani."

"Kikombe kipi, Bibi?"

"We mtoto, kikombe ni kikombe," Mishi alidakia.

"Mama, sijakuuliza wewe. Bibi, kikombe kipi?"

"Kile cha bati."

"Nikione."

Mishi akaenda kukileta, kikombe cha buluu chenye maua. Bi Mwanakombo alikipokea, akakizungusha, akaingiza vidole. Vidole vitatu vikaingia, cha nne kikagoma. Akaingiza tena.

"Hiki sicho. Kikombe changu kilikuwa kinameza vidole vinne na nafasi inabaki."

Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Kile cha zamani kilitoboka. Mishi alimpa mtu wa vyuma chakavu na kununua hiki, na mama yake, kwa macho yale, hakuona tofauti. Miaka miwili maembe yalitiwa chumvi pungufu, na miaka miwili yalikuwa yanaoza kwa haki yao kabisa.

Nakijwa alikuwa anachambua mchele pembeni. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alimngoja wifi yake aseme neno, japo nusu neno.

"Basi tutaongeza chumvi," alisema Mishi.

"Kiasi gani?" aliuliza Tunu.

Swali zuri, lakini halikuwa na pa kwenda. Kikombe chenyewe kilishayeyushwa kiwandani kikawa nondo. Ukipunguza, maembe yanaoza. Ukizidisha, yanakuwa magumu kama ngozi na hayaliki.

Ikawa zamu ya Mishi. Aliwahi kupigwa akiwa na miaka saba kwa kuiba vipande vya embe kwenye jamvi la kuanikia, kabla havijakauka. Fimbo alishaisahau ila ladha hakuisahau. Akapanga mabakuli tisa ya vipande vya embe uani, kila moja na chumvi iliyozidi ya mwenzake kwa kijiko. Akangoja yatoe maji. Akatafuna, akatema, akasukutua, akarudia. Kufika adhuhuri midomo ilikuwa imemchanika na damu inatoka. Tunu akamsihi apumzike.

"Niache," alisema Mishi. "Hiki kikombe nilikitoa mimi, nitakirudisha mimi."

Ilipokaribia alasiri alirudi kwenye bakuli la sita, akaongeza chumvi ya ncha ya vidole. Akatafuna, akafumba macho. Kisha akampelekea mama yake kipande. Bi Mwanakombo alitafuna polepole sana. "Umekipata wapi kikombe changu?" aliuliza, na Mishi akalia kama yule mtoto wa miaka saba.

Wakakata maembe mia mbili. Wakayatia chumvi kwa kipimo hicho, wakayaanika. Siku mbili jua likawaka vizuri. Siku ya tatu mvua ya vuli ikashuka, na haikuwa na mpango wa kuondoka. Siku ya nne vipande vikaanza kuteleza mkononi kama samaki. Mishi aliunusa ungo mmoja, akauweka chini. "Kesho yatakuwa yamekufa. Na msimu unaisha, sokoni hakuna mabichi tena."

Nakijwa aliinuka. Alipitisha kiganja juu ya nyungo, akajitanda kanga, akatoka na mvua yake. Mtaa wa pili palikuwa na mzee Mbwana, muoka boflo. Tanuri lake lilikuwa likizimwa asubuhi mikate ikishatoka, lakini matofali yalibaki na joto mpaka mchana.

"Shemeji," mzee Mbwana alicheka, "hapa twaoka mikate. Embe za kuoka sijazisikia tangu nizaliwe."

"Sitaki kuoka, nataka kukausha. Nitazoa majivu na kufagia tanuri kila siku nitakayolitumia."

"Na mikate yangu ikinuka manjano?"

"Ikinuka manjano utauza zaidi. Nipishe."

Asubuhi tatu alisimama mdomoni mwa tanuri. Anaingiza mkono na kuhesabu: akifika ishirini bila kuutoa, joto linafaa kukausha. Akishindwa kufika kumi na tano, maembe yatapikika, anafungua mlango na kungoja. Kipande kimoja kimoja alikigeuza kwa vidole. Siku ya pili chuma cha mlango kilimuunguza juu ya kiwiko, akapaka asali, akaendelea. Siku ya tatu alizirudisha nyungo zote. Vipande vimenywea, vikavu nje, laini katikati, rangi yake dhahabu. Wakavichanganya na pilipili, kitunguu saumu na haradali, wakavijaza kwenye chupa na kuvizamisha ndani ya mafuta. Wiki ya tatu ikafika. Ikapita. Hakuna ukungu, hakuna povu.

Siku ya harusi, Bi Zamda alichukua kipande kimoja kwa ncha ya kijiko, kama mtu anayeonja dawa. Akatafuna. Akachukua cha pili. Akakivuta kibakuli mbele yake, kwa mkono mzima safari hii, na jirani yake alipokinyemelea alimpiga kofi la kiganjani. Kabla ya bibi harusi kutolewa ndani, vibakuli vyote vilikuwa vimefutwa kwa mkate, na wanawake wa Pangani walikuwa wanatafuta makopo ya kubebea. Nakijwa alipita katikati yao na birika, mgongo umenyooka, na alijisikia mrefu kuliko mlango.

Kesho yake Bi Mwanakombo akaufungua ufunguo kutoka pindoni, akauweka katikati ya mkeka. "Semeni."

"Ni wangu," alisema Tunu. "Mngetia chumvi kwa kikombe kilekile mpaka kiama, huku mnamsingizia anti Nakijwa. Nimewapa sababu, na bila sababu hamna kitu."

"Sababu inaliwa na wali?" Mishi alimgeukia. "Embe hata moja hukukata, ulikuwa unashika simu. Ulijua chumvi ni pungufu, sawa, ulijua ilipungua ngapi? Mimi nimekitoa kipimo mdomoni mwangu. Kipimo hicho kitatumika miaka yote, hata nikifa."

"Kipimo kilichopotea kwa mkono wako mwenyewe, Mama."

"Na nikakirudisha kwa ulimi wangu mwenyewe!"

Wakamgeukia Nakijwa. Alikuwa hajazoea kuulizwa. Sauti yake ilitoka ndogo mwanzoni, kisha ikakua.

"Sababu mlikuwa nayo. Kipimo mlikuwa nacho. Na maembe yalikuwa yanaoza mbele yenu. Mlikaa mnayaangalia."

"Lakini lile si tanuri lako, wifi," alisema Mishi. "Isingenyesha, ungedai nini?"

"Ilinyesha, wifi."

"Na ufunguo wa nyumba hii uende Upare?"

"Nisaidieni," Nakijwa alisema, akimwangalia mama mkwe wake. "Mama, wewe ulizaliwa nyumba hii? Si uliolewa hapa kama mimi? Aliyekupa ufunguo si alikuwa mama mkwe wako? Miaka miwili mmeniita mkono mbaya. Mkono wenyewe huu." Akaukunjua, kovu la tanuri bado jekundu. "Mwenye achari ndiye mwenye ufunguo, ndivyo mlivyosema. Sasa semeni achari ni ya nani."

Bi Mwanakombo alisikia adhana ya alasiri, akainuka kwa tabu na kwenda kutawadha. "Nikimaliza kuswali nitatamka," alisema. Ufunguo akauacha palepale, katikati ya magoti sita.

Nami namwacha hapo, kwenye mswala. Aliyefichua kosa, aliyerudisha kipimo, aliyeokoa maembe. Ondoa yeyote kati yao na kibakuli cha Bi Zamda kinabaki kitupu. Msiniambie wachonge funguo tatu. Kuchonga ni rahisi, ila stoo inataka mtu mmoja wa kusema ndiyo au hapana. Msiniambie pia apewe Mishi kwa kuwa ni damu, wala asipewe Tunu kwa kuwa ni mdogo, wala ahurumiwe Nakijwa kwa kuwa alionewa. Hizo si hoja, hayo ni mazoea yetu. Kama ungekuwa wewe ndiye unayenyanyuka kwenye ule mswala, ungeuweka ufunguo kwenye mkono upi?

Nakuomba unitajie jina moja, na uniambie kwa nini.